Maharage tu: kumbukumbu ya presha kuka ya umeme, Lushoto

Juni 3

Kabla sijaanza kupikia presha kuka ya umeme, leo nimepima mkaa unaoliwa na sufuria moja, kwa mizani ya kuazima kwa muuza nyanya. Maharage ya njano kilo moja, hayakulowekwa, kwenye jiko la mkaa lenye udongo ndani. Nimebandika saa nane na dakika kumi, yameiva saa kumi na nusu. Makaa yaliyobaki nikayatia kwenye kopo la maziwa, nikafunika yazimike, nikapima tena. Zimeliwa gramu 900, shilingi elfu moja na ushee kwa bei ya dukani kwetu.

Mkaa mzuri robo tatu yake ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ikiungua hutoa kilo 3.67 za hewa ukaa. Sufuria moja basi ni kilo mbili na nusu hivi. Hapo sijagusa tanuri la kufukia kwa udongo kule tambarare, ambalo hula kilo tano hadi kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa, wala lori linaloupandisha kutoka Mombo kwa zile kona.

Tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Wageni kutoka Tanga hulalamika kwamba maharage ya Lushoto magumu. Maharage hayana kosa, maji ndiyo hayafiki. Kwenye presha kuka mvuke umefungiwa, joto linapita nyuzi 110. Ndiyo maana sikumwambia mtu yeyote aache mkaa. Nimewaomba majirani wa nyumba yetu tupikie humo maharage tu. Ugali waendelee watakavyo.

Juni 5

Sufuria ya kwanza, aibu. Ekstensheni ya bei rahisi imeyeyuka ikanuka chumba kizima. Tumemalizia kwenye soketi ya ukutani. Nilipoachia mvuke, bibi wa chumba cha pili alitoka mbio hadi uani na mjukuu mgongoni. Lakini dakika 55, maharage laini.

Juni 11

Ugomvi niliouogopa umefika. Nyumba yetu ina vyumba sita na LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Tukijumlishwa tunapita uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo ile bei ya shilingi 100 kwa uniti ya wanaotumia umeme kidogo hatuijui, sisi tuko kwenye 350 na ushee. Kaka wa chumba cha nne, fundi cherehani, kasimama mlangoni: "Jirani, uniti zinakimbia tangu ulete hicho kitu chako."

Sikubishana. Nimewaomba wote tuzime kila kitu, mpaka friji ya mama mwenye nyumba, nikaweka maharage, tukasimama mbele ya mita kama watu wanaongoja matokeo ya mpira. Tumeanza na 41.7, tumemaliza na 41.2. Nusu uniti, shilingi 180 hivi. Kimya. Kisha dada wa chumba cha kwanza akauliza kwa sauti ya upole sana, "Na pasi yako, fundi, tuipime lini?"

Tumekubaliana hivi: kopo juu ya LUKU, kila anayepika anadumbukiza 200, na zamu zinaandikwa kwenye daftari.

Juni 19

Baridi kali, ukungu haujaondoka mpaka saa tano. Mama mkubwa wa chumba cha tano amekataa zamu yake. "Mwanangu, hilo likishapika, mimi naota moto wapi?"

Sikuwa na jibu, na sasa nadhani hili ndilo wanaosambaza majiko hulisahau huku milimani. Jiko la mkaa kwetu ni sufuria na hita kwa pamoja. Nimemsihi asiliingize ndani akafunga mlango, maana hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina harufu, mtu hulala nayo asiamke. Tumeishia katikati: maharage kwenye presha mchana, mkaa kidogo jioni uani kwa ugali na kuota.

Julai 1

Nimefunga hesabu ya wiki nne. Sufuria 31 za maharage. Zingekula kilo 28 za mkaa. Nimetoa kilo sita alizowasha mama mkubwa kwa ajili ya baridi, sioni haki kuzificha. Zimebaki 22, sawa na kilo 60 za hewa ukaa, au kama lita 22 za dizeli. Hewa ukaa ya umeme tuliotumia, uniti 15 na nusu, sijaitoa. Sehemu ya umeme huo bado hutokana na gesi ya Songo Songo na Mtwara, ingawa tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024 maji ndiyo yanabeba mzigo mkubwa.

Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa vyumba sita hiyo ni vyumba vitano. Tuko wanne, na mama mkubwa nusu.

Nyumba ya ng'ambo ya barabara wameulizia. Wao wana LUKU mbili, watagombana kidogo zaidi au kidogo pungufu, tutaona. Jumamosi tunajaribu makande, mahindi yasiyokobolewa, na nina wasiwasi lita sita za presha kuka hazitatosha. Mizani nairudisha kesho. Muuza nyanya kaniambia siku zote hizi amekuwa akipimia macho.