Mzizi wa Kitunguu na Swali la Siku ya 14

Kwa miaka mingi nilifundisha mada ya uzazi kidato cha tatu kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe: nilichora mfumo wa uzazi ubaoni, wavulana wa viti vya nyuma wakacheka, wasichana wakainamia madaftari, na kengele ikalia bila mtu kuuliza swali. Mgawanyiko wa seli niliuona kuwa jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Sasa ninaamini kwamba mambo haya mawili ni somo moja, na kwamba mwanafunzi aliyeielewa seli huuzungumzia uzazi bila haya.

Muhtasari wa somo niliouzoea uliiweka meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai na mbegu za kiume, kidato cha tatu, na mitosisi, yaani mgawanyiko wa kawaida wa seli za mwili, kidato cha nne, katika mada ya ukuaji. Mimi huanza na mitosisi, kwa sababu upekee wa meiosisi hauonekani kwa mtu asiyeujua mgawanyiko wa kawaida. Hapa Karatu vitunguu vya Mang'ola havikosekani, hivyo tunakikalisha kitunguu juu ya glasi, kitako kikigusa maji, na baada ya siku mbili tatu mizizi myeupe huchomoza. Tunakata ncha ya milimita 2 hivi, tunailainisha kwa asidi ya haidrokloriki yenye uvuguvugu, tunaitia rangi, kisha tunaifunika kwa kioo chembamba na kuikandamiza kwa kidole gumba. Hadubini ni moja, foleni ni ndefu, lakini anayefikiwa na zamu yake huona kromosomu, yaani vibeba urithi vya seli, zikiwa kama vipande vya uzi vilivyotawanyika ndani ya seli. Kitunguu kina kromosomu 16, na kila seli mpya hupata 16 vilevile.

Meiosisi tunaifanya kwa uzi wa kufumia, mwekundu kwa kromosomu za mama na wa buluu kwa za baba. Kwa binadamu kromosomu 46 hubaki 23, na kwa kuwa kila jozi hujipanga bila kuitegemea nyingine, mtu mmoja anaweza kutoa michanganyiko zaidi ya milioni 8. Hapo ndipo huwaeleza kwamba kwa msichana kazi hii huanza kabla hajazaliwa, kisha husimama kwa miaka mingi. Mgawanyiko wa kwanza hukamilika yai linapokaribia kutoka, na wa pili hukamilika mbegu ya kiume inapoliingia. Kwa maneno mengine, yai ulilotokana nalo lilianza kuandaliwa mama yako angali tumboni mwa bibi yako. Nikilisema hilo darasa hunyamaza, na hakuna anayecheka tena.

Baada ya hapo maswali huja yenyewe, na lile lisilokosekana ni la siku salama. Linaniuma kukumbuka kwamba nami niliwahi kuandika ubaoni kuwa yai hutoka siku ya 14 tangu hedhi ianze, nikaendelea na mambo mengine. Hiyo ni hesabu ya mzunguko wa siku 28. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 hulitoa karibu na siku ya 21, na mwenye mzunguko wa siku 24 karibu na siku ya 10. Tena mbegu za kiume zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke, na mizunguko ya wasichana waliobalehe karibuni hubadilika mwezi hadi mwezi. Msichana anayeitegemea siku ya 14 kutoka daftari langu la zamani anaweza kupata mimba akiwa na uhakika kwamba yuko salama.

Siku hizi naweka boksi la vikaratasi visivyo na majina. Muhula uliopita kimoja kiliandikwa kwa penseli: "Mwalimu, mwezi mmoja ni siku 30, mwingine ni 41. Nianze kuhesabu wapi?" Nilikisoma kwa sauti, nikachora mizunguko yote miwili ubaoni, mmoja chini ya mwingine, nikawaonyesha kwamba hesabu hii huenda nyuma tu: hadi hedhi ifike ndipo unapojua yai lilitoka lini, na siku hizo zimekwisha kupita. Waliichora michoro ile polepole, wavulana kwa wasichana.