Siku moja maishani mwangu: najifunza kunoa cheni ya mraba kwa tupa

Saa 12:15 asubuhi

Kazi yangu ni ya chensoo, kuangusha miti na kukata magogo, na kipindi hiki najifunza kunoa cheni ya mraba kwa mkono, tupa tu bila mashine yoyote. Wengi wanaoshika chensoo kila siku hawajawahi kuiona hii cheni kwa hiyo ngoja nieleze kwanza. Cheni ya kawaida inanolewa kwa tupa ya duara, ndani ya jino kunabaki mkunjo wa mviringo. Hii ya mraba haina mviringo kabisa, ndani ya jino kuna nyuso mbili bapa, moja chini ya bati la juu (sehemu bapa ya juu ya jino) na nyingine ubavuni, na hizo nyuso mbili zinakutana kwenye mstari mmoja ulionyooka ambao lazima utokee pale pale kwenye ncha ya kona ya jino. Sio karibu na kona, ni kwenye kona yenyewe.

Kwa nini watu wanahangaika nayo? Inakata haraka na laini kuliko ya duara, hasa kwenye mti mlaini na msafi. Makali ya jino ni bapa kama patasi, kwa hiyo kona na ubavu vinakata nyuzi za mti, na bati la juu linanyanyua kipande na kukitupa nje bila kukiburuza. Ndo maana wakata miti wakubwa wa magharibi mwa Marekani, kwenye misitu yenye miti minene, wameipenda miaka na miaka, na wanaoshindana kukata kwa kasi nao wanaitumia.

Saa 1:00

Kabla ya kushika tupa naangalia. Chensoo imezimwa, upanga, lile bamba refu ambalo cheni inazunguka juu yake, umebanwa kwenye jiliwa imara, glovu mkononi, breki ya cheni nimeifunga ili cheni isitembee wakati nasukuma, nikitaka kuivuta mbele naiachia. Taa naiweka nyuma ya bega langu ili mwanga uangukie makali. Hapa kuna siri ambayo mzee anayenifundisha alinipa mapema kabisa: makali ya kweli hayaonekani. Ukiliangalia jino kwa mbele na ukaona mstari mwembamba unang'aa, hata kama ni mwembamba kama nini, huo mstari ni ubutu, mwanga unapata mahali pa kugonga na kurudi. Makali yaliyokamilika hayarudishi mwanga, unaona nyuso mbili zinakutana basi. Kwa hiyo asubuhi yote mi nafukuza mwanga, jino kwa jino, na lenzi ndogo ya kukuza haitoki mfukoni.

Cheni ya leo ina viungo vya kuendeshea 72, vile vinavyopita ndani ya mfereji wa upanga, maana yake meno 36, kushoto 18 na kulia 18. Natafuta jino lililoumia zaidi maana hilo ndo litaamua urefu wa mengine yote. Napima kwa vernia, kile kipimo cha urefu mdogo mdogo, naweka alama kwa maka, yaani kalamu ya wino, nimemaliza.

Saa 1:30

Sasa tupa. Tupa za kazi hii ni za aina yake, kuna za pembe tatu na kuna za pembe sita, tupa ya kawaida ya pembe tatu ya kunolea msumeno wa mkono haitafanya kazi kwa sababu pembe zake hazijatengenezwa kwa ajili hii. Kinachotakiwa ni kwamba ukingo wa tupa ukae kwenye ule mstari ambapo nyuso mbili za jino zinakutana, upande mmoja wa tupa unanoa chini ya bati la juu na upande wa pili unanoa ubavu, kwa pigo moja, wakati mmoja. Na hapo ndo ugumu ulipo. Tupa ya duara inakusamehe, ukiizungusha kidogo mkononi bado ni duara. Hii ukiizungusha digrii chache tu umebadilisha pembe zote mbili kwa pamoja.

Mi nanoa kutoka nje kwenda ndani, yaani tupa inaingia kwenye kona ya nje na kushuka kuelekea ndani ya cheni. Wako wanaonoa kutoka ndani kwenda nje na wanapata matokeo mazuri tu, ila nikitoka nje naiona kona muda wote na kwa mwanafunzi hilo ni jambo kubwa. Gharama yake ni kwamba tupa inakutana na kromu kwanza, lile ganda gumu la nje ya jino, na kromu inakula tupa. Mahali pa kuanzia mpini unakuwa juu, tupa inashuka kwa kama digrii 45, na ukiangalia kutoka juu inaukata mstari wa upanga kwa kama digrii 45 pia. Baada ya hapo jino lenyewe linakwambia, maana cheni iliyotoka kiwandani ina pembe zake na kazi yako ya mwanzo ni kuzifuata, sio kubuni zako.

Nimepaka wino wa maka ndani ya jino, nyuso zote mbili. Pigo moja jepesi. Naangalia wino umetoka wapi. Ukitoka juu peke yake tupa imekaa juu sana au imelala vibaya, ukitoka ubavuni peke yake ni kinyume, ukitoka sawasawa pande zote mbili mpaka kwenye kona, hapo uko kwenye njia. Mzee alikuja akasimama nyuma yangu, akanyamaza, alafu akasema, "Mwanangu, usisukume bado. Iweke kwanza, iache ikae, ndo usukume." Nikamwambia sawa mzee, nikaiweka tena, nikahisi ukingo wa tupa umekaa kwenye ule mstari wenyewe bila kuyumba. Kuna hisia hapo siwezi kuieleza vizuri, tupa inakuwa kama imepata mlango wake, na ukisukuma inang'ata kwa sauti ile ile kuanzia mwanzo wa pigo mpaka mwisho.

Tupa inakata ikienda mbele tu. Kurudi unainyanyua, usiiburuze, ukiiburuza unaua meno ya tupa bure. Na macho kwenye ncha yake pia, inakoshukia kuna viungo vya upande wa pili wa cheni, usivikwaruze.

Saa 2:45

Meno ya upande wa kulia yamekwisha na sasa nakagua kona kwa lenzi, hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, nikaichukulia muda kabisa. Makosa ya kona ni mawili na kila moja lina sura yake. Tupa ikikaa chini sana, ule mstari wa ndani unatokea ubavuni, chini ya kona, na ukiliangalia jino kwa pembeni unaona ncha ya juu imechomoza mbele, wanaiita mdomo wa ndege. Inaonekana kali, na kwa pigo la kwanza ni kali kweli, ila ni nyembamba haina mgongo, ikigusa fundo gumu inavunjika. Tupa ikikaa juu sana mstari unatokea kwenye bati la juu, ndani ya kona, ukiangalia kutoka juu makali yana kipindo kidogo karibu na mwisho, kwa hiyo kona yenyewe ambayo ndo inatakiwa iingie kwenye mti kwanza imebaki bila huduma.

Dawa ya mdomo wa ndege ni kupandisha tupa kidogo na kuongeza msukumo kuelekea juu, dawa ya kipindo ni kushusha na kuegemea ubavuni zaidi. Kidogo maana yake kidogo kweli, unene wa karatasi. Na ukisogeza juu chini lazima uhakikishe hujageuza mkono pembeni, kwa sababu kiwiko kina tabia ya kufuata bega. Nimegundua nikisimama miguu imepanuka kiasi na kiwiko kimekaribia mwili, pigo linatoka begani na linanyooka. Nikichoka kiwiko kinafunguka na wino unaanza kutoka upande mmoja, hapo naweka tupa chini napumzika.

Saa 3:30

Upande wa kushoto. Mkono wangu wa kushoto ni mgeni zaidi kwa hii kazi na hapa lazima nihame upande mwingine wa jiliwa, mwanga nao uhame. Kwa sababu hiyo kwenye cheni nyingi utakuta upande mmoja mzuri kuliko mwingine, na cheni ya hivyo haikati wima, inakwenda kwa kupinda kuelekea upande wenye makali zaidi mpaka upanga unabanwa. Kwa hiyo upande mgumu naupa muda mrefu zaidi, sio mfupi. Katikati tupa ikaanza kuteleza bila kung'ata, nikaisafisha kwa brashi ya waya, bado, nikageuza ukingo mwingine mpya ikakubali. Msibane matumizi kwenye tupa jamani, tupa iliyokwisha inakufanya ukandamize, na ukikandamiza pembe zinakimbia.

Saa 4:45

Vile vinundu vya mbele ya jino, vinavyoamua jino liingie kwenye mti kiasi gani. Kwa cheni hii ya inchi 3/8 navishusha mpaka viwe chini ya makali kwa milimita 0.65 hivi, naweka geji juu, kinachochomoza nakitoa kwa tupa bapa, alafu naiviringa kidogo kona ya mbele ya kinundu. Usizidishe. Wengi wanavishusha mno wakitafuta kasi, wanachopata ni chensoo inayorukaruka, inayochosha injini, na hatari ya kurusha upanga nyuma kuelekea kwa mkataji inapanda.

Saa 5:30

Kwenye gogo. Gogo safi, gome nimelikagua halina mchanga, hilo ni muhimu kuliko unavyodhani maana cheni ya mraba haina uvumilivu na uchafu. Kofia, miwani, vizuia sauti, suruali ya kinga, nikawasha. Sikusukuma, niliacha uzito wa chensoo peke yake ushuke na ikashuka, iliingia kwenye gogo kwa mwendo mmoja bila kutetemeka na vipande vinene vikawa vinaruka, sio unga. Nikaangalia uso wa gogo lililokatwa, umenyooka, laini, karibu hauna mistari. Mzee akapitisha kiganja pale juu akasema "Hii inaenda wima," akaendelea na kazi yake. Kwa mtu asiyesifu ovyo hiyo inatosha kabisa.

Saa 7:00 mchana

Mapumziko. Tulikuwa tunaongelea cheni zilitoka wapi, na hii historia naipenda sana. Cheni za zamani za chensoo zilikuwa na meno ya kukwaruza, kama ya msumeno wa mkono, zilihitaji kunolewa mara kwa mara na kwa ujuzi mkubwa. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon, Joe Cox, aliona buu la mende wa mbao likila gogo, linatafuna kushoto na kulia, linapita kwenye nyuzi kwa namna yoyote linavyotaka, akalichunguza taya zake na kutengeneza jino la cheni lenye umbo la kukunja la herufi C. Mwaka uliofuata akaanzisha kampuni. Jino ninalolinoa mimi leo, la mraba au la duara, ni mtoto wa lile wazo, na nikiliangalia kwa lenzi naona taya kweli, moja kushoto moja kulia.

Saa 8:00 mpaka saa 10:00

Kukata magogo, hakuna mengi ya kusema. Nachunguza vipande vinavyotoka kila baada ya muda. Vikianza kuwa vidogo na vumbi likaongezeka nasimama, sisubiri mpaka nianze kusukuma, maana cheni ikiwa butu kidogo mapigo mawili matatu kwa kila jino yanatosha kuirudisha, ukisubiri ikafa utakula chuma kingi na jino linafupika bure. Kuna gogo moja lilikuwa limeburuzwa chini na gome limejaa udongo, hilo nikalikata kwa chensoo ya pili yenye cheni ya duara ya kona butu. Kwenye uchafu ile ni bora, sioni sababu ya kuitesa ya mraba huko.

Saa 10:30 jioni

Narudi kwenye jiliwa na cheni ile ile. Wino, pigo, lenzi. Meno mengi yanahitaji mapigo mawili tu lakini kuna manne yaligusa kitu kigumu, kona zimekatika kidogo sana, zinang'aa. Hapa lazima ushuke mpaka upite ile sehemu kromu ilipoumia, hata kama jino linaonekana kali tayari, kwa sababu kromu ndo inashika makali na chuma cha chini yake ni laini zaidi. Jino moja kati ya hayo lilikuwa na doa gumu, tupa inateleza juu yake kama kioo, nikatumia ukingo mpya wa tupa na mapigo mafupi mpaka doa likatoka.

Nikapima tena kwa vernia. Kulia na kushoto zinakaribiana sana, ila kushoto kuna matatu marefu kidogo, kwa hiyo kesho nitaanza na hayo kabla ya kuwasha chochote. Tupa nimezifunga kila moja kwenye kitambaa chake zisigongane, kingo zilizokwisha nimezipaka alama ya maka. Cheni ya pili ya mraba nimeiweka tayari, ina pembe za kiwandani bado hazijaguswa, na mzee ameshasema hiyo nitainoa mwenyewe kuanzia mwanzo.