Mzee aliyetaka kuona kwanza

Katika timu ya chanjo ya Ebola pale Beni, mashariki mwa Kongo, mimi sikuwa nachoma sindano. Kazi yangu ilikuwa orodha. Nani alimwosha mgonjwa, nani alilala naye kitanda kimoja, nani alifua mashuka, motari gani, yaani dereva wa pikipiki, alimbeba. Hao ndio mduara wa kwanza, na waliokaa na hao ni mduara wa pili. Hatukuwa na chanjo ya kuchanja mji mzima. Ilifuata majina, na ambaye jina lake halikuandikwa hakupata.

Ilikuwa Julai 2019. Ugonjwa ulikuwa umetangazwa tarehe 1 Agosti ya mwaka uliotangulia, kule Mangina, na karibu mwaka mzima ukawa bado unatuzunguka. Watu walikuwa wametuchoka sisi wa riposti, yaani wa kupambana na Ebola, kuliko walivyouchoka ugonjwa wenyewe. Walituona tukipita na magari meupe, viyoyozi vinapuliza, wakasema hii ni biashara ya Ebola. Walikuwa na hoja. Tangu Oktoba 2014 watu wetu walikuwa wanachinjwa kwa mapanga na hakuna aliyeleta msafara wa magari. Desemba 2018 nchi ilipopiga kura ya rais, sisi wa Beni na Butembo tukaambiwa tungoje hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama, ilhali masoko na makanisa yalikuwa wazi kila siku. Mimi ni mtoto wa pale pale. Sikuhitaji mtu anieleze hasira hiyo.

Asubuhi hiyo tulikwenda kwa familia ya mama mmoja aliyethibitishwa kuwa na Ebola siku mbili kabla. Vijana walikuwa wamesimama kwenye njia ya kuingilia uani, wawili wana mawe mkononi, wanayachezea tu. Baba mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao chini ya mparachichi. Hakusimama.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mke wa mwanangu mmempeleka. Amekufa, hajafa, sijui. Leo mnataka mikono ya wajukuu wangu.”

“Yuko hai, baba.”

“Wewe umemwona kwa macho?”

Sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimesoma jina lake kwenye karatasi.

“Basi mimi na wewe tuko sawa,” akasema. “Nipelekeni nimwone. Nikirudi tutaongea mambo ya sindano.”

Daktari wetu akaanza kueleza upya jinsi chanjo inavyofanya kazi, na nikaona macho ya mzee yanakwenda mbali. Tatizo letu lilikuwa lingine. Chanjo ile hutunzwa kwenye baridi kali, kati ya digrii 60 na 80 chini ya sifuri, na ikishayeyuka hairudishwi kugandishwa. Yetu ilikuwa imeyeyuka tayari, imo kwenye kisanduku cha baridi garini. Tukakubaliana timu ibaki, mimi nimsindikize mzee.

Gari alilikataa. Akiingia humo, alisema, mtaa mzima utajua na yeye amekamatwa. Tulimpima joto, hakuwa na homa wala dalili yoyote, na asiye na dalili haambukizi. Tukapanda motari wawili, yeye mbele, mimi nyuma nikila vumbi lake.

Katika kituo cha matibabu alinawa kwa maji ya kloro, viatu vikanyunyiziwa, akapimwa joto tena. Nilijua anachotarajia kuona: turubai limefungwa pande zote, na watu waliovaa mavazi ya njano wasio na nyuso. Mjini ilisemekana huko ndani wagonjwa hukatwa viungo. Lakini Beni kulikuwa na vile vyumba vya plastiki angavu ambavyo shirika la tiba la ALIMA walivileta, na ukutani vina mikono ya plastiki iliyoshonewa, muuguzi anaingiza mikono yake kutoka nje na kumhudumia mgonjwa bila kuvaa lile vazi zito. Mzee alisimama hatua chache kutoka kwa mkaza mwanawe, kati yao plastiki tu. Mama alikuwa amelala na dripu mkononi, midomo imekauka, lakini alimtambua mara moja.

Waliongea Kinande. Nilidhani watalia. Mama aliuliza nani anampa mtoto uji, na kama maharage yamepaliliwa. Mzee akajibu moja moja, kwa heshima, kama anatoa hesabu. Kisha mama akasema mdogo wake aambiwe asihangaike, arudi tu nyumbani. Mzee akanigeukia.

“Huyo ndiye alimwosha usiku ule wa kutapika. Yuko kule mjini Oicha. Hamkumwandika.”

Nilitoa kalamu pale pale.

Akataka kujua ni nini kilichomo ndani ya dripu. Muuguzi alimweleza taratibu, na nikamshukuru kimoyomoyo kwa kutomharakisha. Kulikuwa na maji na chumvi za kurudisha zilizotoka kwa kuhara, na dawa ya malaria. Halafu kulikuwa na dawa yenyewe ya Ebola: wakati huo nne zilikuwa zinalinganishwa, mgonjwa anapangiwa moja kwa kura, na mama aliangukia ile iitwayo mAb114. Ni kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya virusi, na ilianzia kwenye damu ya mtu aliyenusurika Ebola kule Kikwit, mji wa Kongo, mwaka 1995.

“Kikwit hii yetu?”

“Hiyo hiyo, baba.”

Hakusema kitu, lakini alipokuwa anapanda pikipiki alimsimulia motari habari ya Kikwit, kwa sauti ambayo kila mtu alisikia.

Tuliporudi vijana walikuwa wameyaweka mawe chini. Mzee aliwaambia maneno machache, akakunja mkono wa shati, akachanjwa wa kwanza. Kila mmoja alitia sahihi au kidole gumba, kwa kuwa chanjo ilikuwa bado haijaidhinishwa, kisha akangoja nusu saa tumwangalie. Tuliwaonya kwamba huenda wapate homa na maumivu ya viungo, na kwamba kinga huchukua kama siku 10 kujengeka, kwa hiyo tungeendelea kuwapima joto hadi siku 21 ziishe. Jirani ng'ambo ya barabara alipiga kelele: mbona yeye hapati? Swali hilo niliulizwa kila nilikokwenda, na jibu la miduara halikumridhisha mtu hata mara moja.

Yule mdogo mtu wenzetu walimpata Oicha, akachanjwa. Mama alitoka Agosti, baada ya vipimo viwili kuonyesha hana virusi. Ni siku zile zile, tarehe 12, ilipotangazwa kwamba dawa mbili kati ya zile nne zimeshinda, yake ikiwemo, na Profesa Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, akasema Ebola isiitwe tena ugonjwa usiotibika. Waliopewa mAb114 walikufa kama 35 kwa kila 100, na kwa waliofika virusi vikiwa bado vichache ni kama mmoja kwa kila 10. Mimi takwimu hizo nilizibeba kila mtaa, ila sijawahi kuona zikimshawishi mtu kama plastiki ile ilivyomshawishi mzee.

Aliichukua namba yangu ya simu, akaitumia. Alinipa jina la zahanati ambako mama alitundikiwa dripu kabla ya kuja kwetu, akanipa motari, akanipa mwanamke aliyeazima kanga ya mgonjwa. Baadaye akanitajia fundi seremala mmoja, akisisitiza huyo apimwe kila siku, bila kukosa, alfajiri. Nilipouliza majirani nikaambiwa fundi huyo ana deni la mzee la muda mrefu na humkimbia kila akimwona. Tulikwenda kumwona hata hivyo. Alikuwa hana homa.