Nilivyopoteza kazi hapa Goma nikaishia kuhesabu magunia Kituku

Nilikuwa magazinia, yaani mtu wa stoo, miaka 6 kwa shirika moja la misaada hapa Goma, mashariki ya Kongo. Turubai, blanketi, masufuria, jerikani, sabuni, vitu vya watu wa kambi. Kila kitu kiko na fishi yake, karatasi ngumu imefungwa na kamba pale kwenye rafu, unaandika tarehe, kilichoingia, kilichotoka, baki, unasaini. Mtu asiyeijua hiyo kazi anaona ni karatasi tu lakini mi niliipenda sana, juu jioni ukihesabu na baki ya fishi ikapatana na mzigo ulio mbele yako, unalala vizuri.

Mwezi wa kwanza 2025 mambo mawili yalitupata kwa wiki moja. Tarehe 20 rais wa Marekani akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje siku 90, na mradi wetu ulilipwa na pesa za huko, tukaambiwa tungoje. Bado hatujaelewa tunangoja nini, tarehe 26 na 27 vita ikaingia mjini. Tulilala chini na watoto, hakuna umeme hakuna maji. Njia ilipotulia nikaenda stoo nikakuta imeporwa yote, ata mbao za kupangia mizigo walibeba. Kilichobaki ni fishi zangu, chini kwenye sakafu, zimekanyagwa. Nikaokota moja, ya turubai, baki 1,240, saini yangu iko pale. Nageuka kulia, nageuka kushoto, hakuna ata moja. Mkubwa wangu alikuwa nyuma yangu, akasema zile fishi tupu za kabatini beba tu, hazina kazi tena. Nikabeba, sijui kwa nini.

Mwezi wa pili kambi zikavunjwa, watu wakarudi kwao ama walikotupwa, na mwisho wa mwezi barua ya kuachishwa ikaja kwenye simu, picha ya karatasi. Banki zote zilifungwa na vita, akiba yangu kidogo ikabaki ndani na sikuweza kuigusa. Kutoa pesa kwenye simu, mwenye kibanda alikuwa anakata vile anataka juu noti zenyewe hazikupatikana, wengine walivuka petite barrière, mpaka wa kwenda Rwanda, kutolea Gisenyi.

Lakini kilichonichosha zaidi haikuwa pesa, ilikuwa asubuhi. Saa kumi na mbili macho yako wazi kama zamani, unavaa, unakaa kwenye kiti, basi. Watoto wanapita wanakuangalia. Bibi yangu, mama wa watoto, hakuniambia neno baya ata moja na mi nikaona ni vibaya zaidi, nikawa mkali bure, nagombeza watoto kwa kijiko kilichoanguka. Karibu mwezi mzima nilikuwa hivyo. Inaniuma kuiandika lakini njo vile ilikuwa.

Usiku moja sikupata usingizi, nikawasha taa ya simu, nikatoa zile fishi tupu nikaanza kuandika nyumba yangu. Unga kilo 9. Makaa nusu gunia. Mafuta chupa moja. Deni la duka dola 38. Nilihesabu kila kitu kama inventeri ya mwisho wa mwezi. Bibi akaamka, akanikuta nimekaa chini, akachukua karatasi ya madeni akaisoma, halafu akaomba biki, akaongeza mistari miwili. Dola 15 kwa dada yake, dola 20 kwenye likilimba yao, kile chama cha kuchangiana pesa. Mi sikuzijua. Alikuwa anakopa kimya ili mi nisijue tumefika wapi. Hatukulala tena, tuliongea mpaka kukacha, na ni mara ya kwanza tangu vita niliongea bila hasira.

Asubuhi tukaenda kwa mwenye nyumba kumwambia tunakula garanti, ile pesa tuliyomwachia tulipoingia, na tunatoka. Kutoka mtaa wa Himbi, dola 120 kwa mwezi, tukahamia mtaa wa Ndosho kwenye nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, dola 40. Watoto walilia siku mbili, wakapata marafiki.

Kitu kingine, na hapa nawaomba wenzangu mlioachishwa mnisikilize. Barua ilisema preavi, yaani muda wa taarifa kabla ya kuachishwa, ya mwezi mmoja. Mwenzetu mmoja alikuwa na kitabu cha sheria ya kazi ya Kongo, ya 2002, tukasoma pamoja: kwa kontra, yaani mkataba, isiyo na mwisho ni siku 14 za kazi, halafu unaongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima uliofanya. Mi miaka 6, inakuwa siku 56 za kazi. Tukaandika barua watu 5, kwa adabu, bila matusi, na hesabu ya kila mtu. Walichelewa lakini mwezi wa tano walituma pesa ya tofauti kwenye simu. Na mdai atesteshe ya kazi, barua ya kuonyesha ulifanya kazi pale, wakati wakubwa wako bado wako kwenye biro, wakishaondoka utamfuata nani?

Kazi ya Kituku, soko la hapa Goma kando ya ziwa, ilianza na bibi. Alikuwa anaenda kununua mihogo ya kuuza Ndosho, nami namsindikiza kubeba. Mitumbwi inatoka Minova na Idjwi, wabeba mizigo wanakimbia na magunia migongoni, mama mwenye mali anahesabu kwa sauti, akigeuka kulipa mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, hesabu imekatika. Siku ile mama mmoja alikuwa analia gunia 3 za maharagwe, mwenye mtumbwi anaapa alishusha zote. Nilikuwa na fishi mfukoni, ile ya manunuzi ya nyumbani. Nikamwambia mama, mzigo wa kesho niite.

Kesho nikasimama pale mtumbwi unagusa mawe. Gunia likitoka naandika, mwenye mtumbwi anasaini ama anaweka dole, likifika kwenye kibanda naandika tena, likiuzwa naandika tena. Gunia 22, zikapatana zote 22. Mama akaangalia karatasi muda mrefu, hajui kusoma sana lakini namba anazijua, akasema: "Papa, kesho pia utakuja?"

Tulipatana 500 franga kwa gunia. Leo niko na mama 11, fishi tupu ziliisha zamani, nakata karatoni. Sipati kama zamani, ata nusu sifiki. Mwezi wa tisa nililipa masomo ya watoto wawili, wa tatu, mkubwa wa shule amekubali tungoje kidogo. Kuna gunia 40 zinafika Jumamosi kutoka Minova, saa kumi na moja alfajiri lazima niko kwenye mawe.