Nilivyofuatilia historia ya jengo la shule ya Monroe, Topeka

Ukitafuta alama za ubaguzi kwenye matofali ya Shule ya Msingi ya Monroe, iliyokuwa ya watoto weusi mjini Topeka, jimbo la Kansas, Marekani, hutaziona. Jengo ni la 1926, limechorwa na Thomas W. Williamson, msanifu yuleyule aliyechora Sumner, shule ya wazungu ya miaka ya 1930. Hata mahakama ya shirikisho iliyosikiliza mwaka 1951 kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, ambamo wazazi weusi walipinga watoto wao kutenganishwa na wazungu shuleni, ilikuta majengo, masomo na sifa za walimu vinakaribiana. Ndiyo maana niliyaacha majengo kwanza, nikaanza na ramani.

Nilitumia ramani za Sanborn, kampuni iliyochora miji jengo kwa jengo kwa ajili ya bima ya moto. Kipimo chake cha kawaida ni inchi 1 kwa futi 50, hivyo inchi 20 ni futi 1,000, mita 305 hivi. Waridi ni tofali, njano ni mbao, buluu ni jiwe. Nakala za mikrofilamu hupoteza rangi hizo, kwa hiyo dai picha ya rangi kama ipo. Cha hatari zaidi ni viraka: mabadiliko yalipotokea, kampuni ilituma vipande vya kubandika juu ya karatasi ya zamani, na mwaka wa kwenye jalada ukabaki uleule. Halafu jengo la 1926 silo la kwanza kuitwa Monroe. Jina hilo kwenye karatasi ya miaka ya nyuma ni la jengo jingine.

Baada ya hapo niliweka alama kwa kila shule ya msingi ya mji: 18 za wazungu, 4 za weusi (Monroe, McKinley, Washington na Buchanan). Hapo ubaguzi ukaonekana mara moja. Kutoka kwa kina Linda Brown, mwanafunzi wa Monroe ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wazazi walioshtaki, hadi Sumner ni mitaa 7 (mtaa hapa ni umbali wa kutoka njia panda moja hadi nyingine). Hadi Monroe ni mitaa 21 hivi. Usipime kwa mstari ulionyooka. Mtoto alitoka nyumbani saa 1:40 asubuhi, akakatiza kwenye njia za reli kufikia kituo cha basi, akafika shuleni saa 2:30 na kusubiri milango ifunguliwe saa 3:00. Basi lilikuwa la bure, na lilitolewa kwa weusi tu, jambo ambalo ukilisoma juujuu utadhani ni upendeleo.

Usikimbilie pia kudhani kwamba weusi walikaa mtaa wao na wazungu wao. Fomu za sensa ya 1950 zilifunguliwa 2022, baada ya miaka 72, na zina safu ya rangi ya mtu. Zisome nyumba kwa nyumba. Mtaa wa kina Brown ulikuwa mchanganyiko. Watoto walicheza pamoja, asubuhi wakaachana.

Sheria nayo isomwe neno kwa neno. Kansas iliruhusu, haikulazimisha, miji yenye watu zaidi ya 15,000 kutenganisha shule za msingi. Sekondari ya Topeka ilichukua wote, ingawa michezo na vilabu vilitenganishwa. Anayeandika kwamba Topeka ilitenganisha shule zote amekosea. (Tanganyika, ambako mifumo ya Wazungu, Wahindi na Waafrika iliunganishwa kisheria mwaka 1962, mgawanyo ulikuwa mpana zaidi.)

Tarehe ndizo zinazowachanganya wengi. Kesi ilifunguliwa Februari 1951 na wazazi 13. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani, iliyokataza kutenganisha shule kwa rangi, ni ya 17 Mei 1954. Amri ya utekelezaji ni ya Mei 1955. Lakini bodi ya shule ya Topeka ilikuwa imeshapiga kura ya kuacha utenganisho Septemba 1953. Na mwaka huohuo walimu weusi walipelekewa barua kwamba huenda mikataba yao isiongezwe, kwa kuwa wakazi wengi wasingetaka wafundishe watoto wazungu. Ukiishia kwenye hukumu, barua hizo hutazikuta. Ziko kwenye mafaili ya ajira.

Monroe ilifungwa 1975, ikawekwa chini ya hifadhi ya taifa 1992, ikafunguliwa kwa wageni 17 Mei 2004. Sumner ilifungwa 1996, ikaachwa ichakae, na 2008 ikakaribia kubomolewa. Ukienda Topeka, tembelea zote mbili siku moja, na katikati yake tembea kwa miguu.