Siku Moja Maishani Mwangu: Kupaka Tangi la Pikipiki kwa Rangi ya Kopo

Saa 12 alfajiri nilikuwa nimekwisha kusimama ndani ya banda nyuma ya nyumba, nikisoma kipimajoto kabla sijagusa kitu kingine chochote. Kilionyesha nyuzijoto 19 za Selsiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 58, nami nikaridhika, kwa kuwa kufikia katikati ya asubuhi joto lingepanda hadi 22 au 23, na hapo rangi ya kopo, ile ya kupuliza, hutandaa vizuri bila kukauka ikiwa bado hewani. Siku yenye unyevu mwingi ningeiahirisha kazi, maana mpako wa juu huweza kufifia na kuwa mweupe kama uliofunikwa na ukungu. Kukwangua rangi ya zamani, kuziba mibonyeo kwa pati na kupuliza praima, yaani rangi ya msingi, kulikuwa kumenichukua siku tatu zilizotangulia. Petroli niliimwaga wiki moja kabla, nikaliacha tangi wazi nje hadi harufu ikaisha kabisa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke, nao hubaki ndani hata tangi linapoonekana tupu.

Saa 1 nilianza kupiga msasa wa maji. Jioni iliyopita nilikuwa nimepuliza juu ya praima ya kijivu ukungu mwembamba sana wa rangi nyeusi, vitone tu, na hivyo vitone ndivyo vilivyoniongoza asubuhi nzima. Msasa namba 600, uliozungushiwa kipande cha sponji ngumu na kuchovywa katika maji yenye sabuni kidogo, huondoa kwanza weusi ulio juu ya miinuko, na ule unaobaki hukuonyesha mahali penye bonde ambalo jicho lisingeliona. Upande wa kushoto wa tangi, karibu na sehemu ya goti, kulibaki doa jeusi lenye umbo la jani, nikalizungukia kwa subira hadi likawa vitone vitatu, kisha kimoja, kisha pakawa pa kijivu kitupu. Kiganja kilichopitishwa juu ya tangi lililolowa huhisi kasoro upesi kuliko macho.

Kosa nililifanya kwenye ukingo wa mdomo wa tangi. Kingo huliwa na msasa haraka kuliko sehemu bapa, nami nilikaza mkono pale nilipopaswa kuulegeza, chuma kikachungulia kwa ukubwa wa ukucha. Sikutaka kukifunika kwa rangi na kujidanganya, kwani kutu ingeanzia hapo hapo. Nilikausha, nikapuliza praima mara mbili mahali hapo, nikasubiri, nikapiga msasa upya, na saa nzima ikapita.

Saa 4 ilikuwa zamu ya usafi. Nilivaa glavu, nikafuta kila kipande kwa kitambaa kilicholowa dawa ya kuondoa mafuta na kufuatisha kitambaa kikavu kabla dawa haijakauka yenyewe, kwa sababu ikikaukia pale huyarudisha mafuta ilipoyatoa. Alama moja ya kidole au mabaki ya nta yenye silikoni hutosha kuifanya rangi ijitenge na kuacha vishimo vya duara. Kisha nilimwagia sakafu maji ili vumbi litulie, nikalitundika tangi kwa waya, na makopo nikayaweka katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, maji ambayo mkono unayavumilia bila shida. Kopo lina gesi inayowaka na halipaswi kamwe kukaribia moto. Joto hilo dogo huongeza mgandamizo, nayo rangi hutoka laini zaidi.

Saa 5 nilitikisa kopo la rangi ya fedha kwa dakika 2 kamili baada ya gololi iliyo ndani yake kuanza kugonga, nikalijaribu kwenye kipande cha boksi, ndipo nikaanza. Mkono huanza kusogea kabla ya kubonyeza na huachia ukiwa umevuka ukingo, umbali ukiwa kama sentimita 20 hadi 25, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Mpako wa kwanza ni ukungu tu, na anayetaka uzibe yote kwa mara moja ataona rangi ikiteremka na kufanya machozi. Nilipuliza mipako mitatu kwa kupishana dakika 10, na wa mwisho niliupuliza kwa mbali kidogo ili chembe za metali zilale sawasawa bila mabaka. Rangi ya namna hiyo haipigwi msasa, kwa sababu msasa huzikwaruza chembe na kubadilisha mng'ao wake.

Saa 7 nilibandika tepu nyembamba ya mistari juu ya fedha, mstari mmoja kutoka mbele hadi nyuma. Kabla ya bluu, rangi ya pili, nilipuliza fedha tena kidogo sana juu ya kingo za tepu, ili upenyo wowote uzibwe na rangi ile ile iliyo chini. Bluu ilifuata, mipako mitatu, na kufikia saa 8 na nusu nilikuwa ninaibandua tepu polepole, nikiikunja nyuma juu yake yenyewe wakati rangi bado ni laini. Mstari ulitoka mkali, bila jino hata moja, nami nilisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Saa 10 nilifika kwenye klia, mpako wa mwisho usio na rangi, na hapa msimamo wangu ni thabiti: tangi la petroli lipewe klia yenye hadina, dawa ya kuikaza. Klia ya kawaida hung'aa vizuri, lakini tone la petroli linaloteremka wakati wa kujaza huilainisha na kuikunja kama ngozi ya maziwa, na tangi langu la kwanza liliharibika hivyo kuzunguka mdomo. Kopo la hadina hubonyezwa pini iliyo chini yake, na kuanzia hapo saa zinahesabika, maana itakaza humo humo ndani. Ina isosianati, kemikali inayodhuru mapafu pasipo harufu ya kukuonya, hivyo nilivaa barakoa yenye vichujio vipya, miwani iliyoziba na nguo ya mikono mirefu, nikafungua banda pande zote mbili na kuwataka wote nyumbani wakae mbali. Mafundi wa kila siku hutumia barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, nao wana haki.

Nilipuliza ukungu mmoja, kisha mipako miwili iliyolowa, nikitazama kwa ubavu wa taa jinsi vijipele vilivyokuwa vikitandaa na kuungana kuwa kioo. Katika mpako wa mwisho mdudu mdogo alitua juu ya bluu. Nilimwacha, kumtoa kwenye klia mbichi huacha jeraha kubwa kuliko yeye, ilhali baada ya siku chache msasa namba 2000 na dawa ya kung'arisha vitamwondoa.

Saa 12 jioni niliandika kwenye kipande cha tepu saa niliyomaliza, nikakibandika mlangoni pamoja na tarehe ya wiki ijayo, siku ambayo tangi litatiwa petroli.