Kuhara 411 kwa jina langu

Simu ya afisa wa rekodi wa kaunti ndogo ilinikuta kwenye matatu, Jogoo Road, foleni haisongi. "Dada, huko kwenu kumeingia kipindupindu?" Nikasema hapana. "Basi mbona umeandika watoto 411 wa kuhara?"

Walikuwa 41. Niliwahesabu mwenyewe kwenye rejista ya kituo chetu cha afya, MOH 204A, ya wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano, mstari kwa mstari, nikajaza kwa mkono 705A, fomu ya muhtasari wao wa mwezi. Ila tarehe 15, siku ya mwisho ya kuingiza ripoti za mwezi uliotangulia, nilikuwa mazishini kwa shangazi yangu, na mwenzangu wa kazi hakuwa na akaunti ya mfumo. Nikamtumia nywila yangu kwa SMS. Stima ilikuwa imepotea kituoni, akaenda saiba ya pale steji.

Mfumo wetu wa KHIS, unaokusanya takwimu za afya za Kenya, umejengwa juu ya DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Ukibofya kisanduku mara mbili, historia yake inatokea: nani aliandika, lini, akabadilisha nini. Pale palikuwa na jina langu. Ningejitetea vipi?

Kidole kuteleza kunasameheka, na tarakimu tuliirekebisha siku hiyo hiyo. Kilichoninyima usingizi ni nilichokikuta jioni nilipopita saiba. Nilikaa kwenye kompyuta ile ile, nikafungua ukurasa wa mfumo, na kivinjari kikanijazia jina na nywila kabla sijagusa kitufe. Mwenzangu alikuwa amekubali kivihifadhi. Yeyote aliyelipia dakika chache angeweza kuingia akachezea hesabu zetu za chanjo, na hesabu hizo ndizo zinazotumika kupanga dozi za mwezi ujao. Mama anayetoka Njiru na mtoto mgongoni akaambiwa chanjo imeisha, nitamweleza nini?

Nilibadilisha nywila nikiwa nimesimama hapo nje, kwa simu yangu. Sasa ni maneno manne ya Kiluhya cha nyanya yangu, hayana uhusiano wowote kati yao, na siyatumii kwenye barua pepe wala M-Pesa. Nimewasha pia uthibitisho wa hatua mbili: baada ya nywila, mfumo unaomba tarakimu sita kutoka programu iliyo kwenye simu, nazo hubadilika kila sekunde 30. Haihitaji bando, jambo ambalo wengi wetu hatukulijua.

Anwani naiandika mwenyewe. Kiungo kinachorushwa kwenye kundi la WhatsApp eti "ingia hapa haraka, mfumo unafungwa" sikibofyi, hata kikitoka kwa bosi, nampigia kwanza. Stima ikipotea natumia laptopu na intaneti ya simu yangu. Nikimaliza nabofya alama ya jina langu pale juu kulia, natoka kabisa. Kufunga dirisha si kutoka.

Ukishaingia, tulia kwenye ule mti wa vituo upande wa kushoto. Fungua Nairobi, kaunti ndogo, wadi, halafu usome jina la kituo lote hadi mwisho, kwa sababu yapo yanayofanana kwa neno moja tu. Kisha seti ya data, yaani fomu unayoingiza, kisha mwezi: kazi ya Machi tunaiingiza Aprili, na hapo ndipo wageni hupotea. Kisanduku kikigeuka kijani, thamani imehifadhiwa. Lakini kijani hakijui 41 na 411. Mimi husoma karatasi kwa sauti, mwenzangu akifuata kwenye skrini, ndipo tunabofya kukamilisha.

Akaunti yake tuliiomba kwa barua na akaipata. Mwezi uliopita nilisimama nyuma yake akianza kuingia, akasitisha vidole.

"Dada, geuka kidogo."

Nikageukia dirishani hadi aliposema tayari.